Mfupa wa baisani au wa ng'ombe? Anza na mgongo

Ukiokota mfupa mkubwa kwenye mafungu ya mchanga ya Mto Kansas, Marekani, usiamue kwa rangi kama ni wa baisani (mnyama wa porini wa Amerika Kaskazini, wa jamii ya ng'ombe) au wa ng'ombe wa kufugwa. Matope na madini ya mto huutia weusi hata mfupa wa ng'ombe wa juzijuzi.

Tafuta pingili za mgongo, zile za mabegani. Baisani ana nundu ya misuli, na misuli hiyo hushikwa na miiba mirefu ya mfupa inayosimama juu ya pingili. Kwa dume mkubwa huweza kufika karibu sentimita 50. Ya ng'ombe ni mifupi, utaona tofauti mara moja.

Fuvu nalo husaidia sana. La baisani lina paji pana lililobinuka, matundu ya macho yaliyotokeza pembeni kama mirija mifupi, na pembe zinazotoka ubavuni. Kwa ng'ombe kuna ukingo kati ya pembe, juu kabisa ya kichwa.

Meno na mifupa ya miguu hufanana mno. Piga picha yenye rula kando, umpelekee mtaalamu wa makumbusho. Alama iliyonyooka ya msumeno mara nyingi ni ng'ombe wa bucha. Na kama ni ardhi ya serikali, usibebe kitu bila ruhusa.