SOMO: Jinsi ya kuandika uchaguzi wenye mgogoro katika Wikipedia ya Kiswahili bila kuegemea upande

Wakuu, kila msimu wa siasa ukipamba moto nalijibu swali lile lile: "Nimeandika ukweli mtupu, mbona mmefuta?" Naandika jibu hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu.

Mfano wangu ni uchaguzi wa Zanzibar wa 2015. Nimeuchagua kwa sababu karibu kila anayeujua ana upande wake, na kumbukumbu zake zinapatikana.

1. Fungua akaunti. Jina la chama lisiwe jina lako.

2. Tafuta kama makala ipo. Ikiwa ipo, iboreshe. Usianzishe ya pili kuipinga ya kwanza.

3. Anza na yasiyobishaniwa. Wazanzibari walipiga kura Jumapili, 25 Oktoba 2015, siku moja na uchaguzi wa Muungano. Wagombea wakuu wa urais wa Zanzibar walikuwa Ali Mohamed Shein wa CCM, chama tawala, na Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar. Ulirudiwa 20 Machi 2016, CUF ikasusia, na ZEC ikamtangaza Shein mshindi kwa asilimia 91.4. Mpe aya hii mwana CCM, kisha mpe mwana CUF: wote wataipitisha. Huo ndio uti wa mgongo wa makala. Na mwone kwamba sikuandika "Dk." wala "Maalim". Ukimpa mmoja heshima yake ukamnyima mwenzake, msomaji ameshajua uko wapi.

4. Kila kauli mpe mwenyewe. Hapa ndipo makala nyingi huvunjika, na ya kwangu ya kwanza ilivunjikia hapa hapa. Soma sentensi hizi mbili:

"Jecha alifuta uchaguzi kwa sababu ya wizi wa kura Pemba."

"Jecha alifuta uchaguzi baada ya kuona CCM imeshindwa."

Zote mbili hazifai, kwa kosa moja: mwandishi ameingia moyoni mwa Jecha na kutoka na hukumu. Iandike hivi: Jecha alisema uchaguzi haukuwa huru na wa haki, na miongoni mwa sababu alizotoa ni vituo vya Pemba ambavyo alisema kura zilizidi idadi ya walioandikishwa. CUF ilisema mgombea wake ndiye aliyeshinda na kwamba mwenyekiti hakuwa na mamlaka ya kufuta. Waangalizi wa kimataifa, wakiwemo wa Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Madola, walieleza wasiwasi wao na kuitaka tume iwe wazi kuhusu uamuzi huo. Msomaji ana akili zake, mwachie kazi iliyobaki.

Tahadhari za hatua hii, tafadhali msiziruke:

Chanzo kikae kwenye sentensi yenyewe, siyo kimoja mwishoni mwa aya ndefu. Mwenzako akija kuhariri katikati, kile cha mwisho hakitajulikana kilikuwa cha nini.

"Inaaminika", "wachambuzi wanasema", "wengi wanaona": nani, lini, wapi? Huna jina, huna sentensi.

Ripoti ya mwangalizi nayo ni kauli ya mwangalizi. Iheshimu, lakini usiigeuze kuwa hukumu ya mahakama.

Tahadhari kubwa kuliko zote: usiunganishe mambo mawili ya kweli ili yazae hoja yako. Kura za urais wa Muungano zilizopigwa Zanzibar siku ile ile hazikufutwa, na 29 Oktoba Tume ya Taifa ya Uchaguzi (NEC) ilimtangaza John Magufuli mshindi. Ni kweli, na inastahili kuwamo. Ukiongeza tu "jambo linalothibitisha kwamba hata za Zanzibar hazikustahili kufutwa", umeacha kuandika kamusi elezo, umepanda jukwaani. Hoja hiyo walikuwapo walioitoa hadharani. Watafute, uwataje, na uwataje pia waliowajibu.

5. Pima uzito. Kutopendelea si kugawa nusu kwa nusu, na hakika si kunyamaza. Chukua mauaji ya Zanzibar ya 26 na 27 Januari 2001, maandamano ya CUF yalipozimwa kwa risasi. Tume ya serikali chini ya Hashim Mbita ilitaja waliokufa 31. Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, ikasema hawakupungua 35. Andika takwimu zote mbili na waliozitoa, usichukue wastani. Lakini mtu akija kuandika "inasemekana kuna watu waliuawa", mrekebishe. Serikali yenyewe imekiri vifo. Kuweka shaka mahali ambapo pande zote hazina shaka ni kupendelea vilevile, na kunawaumiza waliozika watu wao. Ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara elfu, kwa upande mwingine, hauna uzito wowote.

6. Maneno: mmoja "alisema", mwingine "alidai"? Sawazisha. "Vibaraka", "wahuni" na "mashujaa" yakae ndani ya alama za kunukuu, pamoja na jina la msemaji.

7. Ukibishiwa, nenda ukurasa wa majadiliano. Usirudisherudishe maandishi yako kila yanapobadilishwa.

---

MASWALI

Kada_Damu: Mkuu nimeweka ilani ya chama yote, imefutwa ndani ya saa moja. Hiyo ndiyo haki?

Mwandishi: Ilani ni mali ya chama, na chama kina tovuti. Taja kilichoahidiwa, kwa maneno yako, na chanzo. Hatua ya 4.

Kada_Damu: Lakini wa upinzani mmewaachia.

Mwandishi: Nipe jina la makala nikaiangalie leo hii. Bila jina siwezi kusaidia.

Nyota_ya_Bandarini: Sijasoma yote, ni ndefu. Kwa kifupi wewe ni CCM au CUF?

Mwandishi: Isome. Historia ya kila ukurasa iko wazi, na kila nilichohariri kinaonekana na tarehe yake. Hukumu kwa hayo.

Binti_Kojani: Shikamoo mwalimu. Nimeanza makala ya uchaguzi wa Kenya wa 2007. Naandika Kibaki "alishinda" au "alitangazwa"? Na ule wa 2017 je, kanuni ni hiyo hiyo?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri sana hilo. Kwa 2007 andika "alitangazwa". Tume ya uchaguzi ilimtangaza 30 Desemba kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga. Mwaka uliofuata Tume ya Kriegler ikachunguza na kusema haiwezekani kujua nani alishinda kwa hakika. Ukiandika "alishinda" au "aliibiwa", unajua zaidi ya tume iliyopewa kazi hiyo. Weka pia vifo vya ghasia zilizofuata: Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilihesabu 1,133.

2017 ni tofauti. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, majaji wanne dhidi ya wawili. Hapo usiandike "mahakama ilidai kuufuta". Ilikuwa na mamlaka, na uchaguzi ukafutika kisheria, kwa hiyo liandike kama jambo lililotokea. Kisha eleza sababu za wanne, na za wawili waliopinga ziwe fupi zaidi lakini ziwepo. Marudio ya 26 Oktoba yapate sehemu yake, na useme wazi kwamba Odinga alijitoa. Asilimia 98 za Uhuru Kenyatta bila maelezo hayo zinampoteza msomaji.

Binti_Kojani: Nimeelewa, ahsante. Narekebisha usiku huu.

Mpiga_Mbizi: Mimi nilikuwepo kituoni 2015, niliona kwa macho yangu. Nayo nikatafute chanzo?

Mwandishi: Ndiyo, kaka, na sikukatalii ulichokiona. Kamusi elezo haina njia ya kumhoji shahidi, na mtu mwingine atasema aliona kinyume. Mweleze mwandishi wa habari au mtafiti, kikichapishwa tutakitumia. Ushahidi wako una thamani, tafadhali usiuache upotee.

Mzee_Makaratasi: Nyongeza ndogo. Viungo vya magazeti yetu vinakufa haraka. Habari niliyoitaja mwaka jana leo inafungua ukurasa mtupu.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Siku unapokitaja kiungo, siku hiyo hiyo kihifadhi Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, na uweke viungo vyote viwili kwenye tanbihi. Gazeti la karatasi pia ni chanzo halali: jina, tarehe, ukurasa, basi.

Mzee_Makaratasi: Marahaba. Basi kwa ya zamani waende Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Kwa walio Dar, maktaba ya Chuo Kikuu ina mkusanyiko wa East Africana, yaani machapisho ya Afrika Mashariki. Wachukue penseli na daftari.

Kada_Damu: Na picha za mikutano? Ninazo nyingi, nimezitoa Facebook.

Mwandishi: Za Facebook hapana, zina wenyewe. Ulizopiga mwenyewe zipandishe Wikimedia Commons, hifadhi ya picha za Wikipedia, uandike mahali na tarehe. Kama umepiga mikutano ya vyama vyote, zote tunazihitaji, na nitakuonyesha namna ya kuzipandisha.

Kada_Damu: Ninazo za vyama viwili. Nakutumia ujumbe.