Kuchagua amplifaya ya transista kwa spika zenye desibeli nyingi

Mwezi uliopita shemeji yangu alinunua spika za Klipsch Heresy III za mkono wa pili, akaziunga kwenye amplifaya yake ya wati 200 kila upande. Usiku huohuo akanipigia: "Shemeji, hizi spika zinachemka kama birika." Kweli, shhh ile niliisikia nikiwa nimekaa kwenye kochi. Ilituchukua siku tatu kupata jibu.

1. Soma desibeli za spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja. Heresy III zimeandikwa 99 kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika nyingi za sebuleni zinacheza kati ya 85 na 89.

2. Piga hesabu ya wati. Ukizidisha wati mara 10 unaongeza desibeli 10 tu. Spika ya 99 ukiipa wati 10 inafika 109. Spika ya 87 ingetaka karibu wati 160 ili ifike hapo. Kwa sebule, wati 10 hadi 30 zinatosha kabisa.

3. Chunguza kelele ya amplifaya yenyewe. Hapa ndipo siku zetu tatu zilipoishia. Tulizima friji, tukabadilisha waya zote, tukahamia soketi ya chumba kingine. Shhh iko palepale.

Anza kwa kutofautisha. Mvumo mzito, mmmm, mara nyingi unatokana na umeme wa 50 Hz au na vifaa viwili kupishana kwenye ethi. (Usikate kamwe waya wa ethi kwenye plagi ili kuuondoa, utapigwa shoti.) Shhh ni jambo lingine. Zungusha volyumu: ikipanda na kushuka, inatoka kwenye chombo kinacholeta muziki kwenye amplifaya, na hapo kipunguzio kidogo cha rezista mbili kinasaidia: ya kilo-ohm 6.8 (6.8k) kwenye njia ya mawimbi, 3.3k kwenda ethi, unapunguza karibu desibeli 10. Isipobadilika, ni ya amplifaya, na kipunguzio hakitafanya lolote.

Kuhakikisha, zima amplifaya, chomoa kila kitu, chukua plagi za RCA (zile za duara za waya za sauti) tupu, ziunganishe pini ya kati na ganda kwa lehemu, zichomeke kwenye INGIZO, kisha washa. Nasisitiza ingizo: ukifanya hivyo upande wa spika unaunguza transista. Weka sikio karibu na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Ya shemeji iliendelea kuchemka, tukajua mchawi ni nani.

Karatasi ya amplifaya ile inasema kelele iko desibeli 90 chini. Chini ya nini? Chini ya wati zote 200. Kutoka 200 hadi wati 1 unapoteza desibeli 23, zinabaki 67. Toa 67 kwenye 99: kelele ya desibeli 32 mita 1 kutoka kwenye spika, na usiku nyumba imetulia utaisikia. Kwenye spika ya 87 ingekuwa 20, ndiyo maana zile za zamani hazikumsumbua hata siku moja. Fanya hesabu hii kabla hujatoa pesa.

Angalia pia gaini, yaani amplifaya inakuza mawimbi kwa kiasi gani. Amplifaya nyingi zina desibeli 26 hadi 29. Mimi natafuta 20 au chini. Gaini ikizidi, volyumu unaigusa kidogo tu sauti imejaa, na pale chini kabisa sauti ya kushoto na ya kulia mara nyingi hazilingani.

4. Daraja A au AB? Kwenye A transista zinapitisha mkondo muda wote; kwenye AB zinapokezana. Spika hizi unazisikiliza kwenye wati ya kwanza, na AB iliyobanwa mkondo wa kutulia (ule unaopita hata pasipo muziki) hukwaruza hapohapo, transista zinapopokezana. Nelson Pass, mbunifu wa amplifaya wa Marekani, ameiita kampuni yake First Watt (wati ya kwanza) kwa sababu hiyo. Amplifaya yake ya F5 ni daraja A, wati 25. Naipenda sana, lakini inatoa joto saa zote, ipige isipige, na Dar mwezi wa pili ni mateso. Shemeji nilimchagulia AB ya wati 30 yenye mkondo mkubwa wa kutulia. Ukiagiza Marekani, hakikisha transfoma inakubali volti 230.

5. Pima DC (umeme usiobadilika mwelekeo) kabla ya kuunga spika. Mita kwenye milivolti, kwenye sehemu za kuungia spika, baada ya dakika kumi. Yetu ilisoma 12. Ikizidi 50, usiunge. Mpelekee fundi kwanza.