Ukikataliwa SSDI, usijaze fomu mpya. Kata rufaa

Kwetu Tanzania ukikataliwa jambo ofisini, unaanza upya. Unachukua fomu nyingine, unatafuta anayemfahamu mtu wa masijala, unarudi Jumatatu. Mafao ya baba NSSF niliyafuatilia hivyo mpaka mlinzi akawa ananiita kwa jina, na yakatoka. Tabia hiyohiyo nikaihamishia Texas, nilipoomba SSDI, bima ya ulemavu ya Marekani. Ikanila miezi 11 ya malipo.

Nilikuwa nabeba boksi kama wengi wetu: CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee, zamu mbili mfululizo. Desemba 2017 nikamwinua mzee mmoja, mgongo ukagoma. Kwetu kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini, na kila mwajiri anachangia. Texas mwajiri wa kampuni binafsi halazimishwi kuwa na bima ya wanaoumia kazini. Tajiri wa dunia, lakini hilo Tanzania tumemzidi.

Imebaki SSDI, inayotokana na makato yako ya Social Security, hifadhi ya jamii ya Marekani. Kwa kawaida unahitaji krediti 40, yaani pointi unazopata kwa kipato kinachokatwa makato hayo, na 20 kati ya hizo ziwe za miaka 10 ya mwisho. Vijana huhitaji chache zaidi. Mwaka mmoja hauzai zaidi ya krediti 4. Mnaolipwa taslimu bila kodi, hamjengi kitu. Ulemavu uwe wa kudumu angalau miezi 12 au wa kukupeleka kaburini. Nusu ulemavu hawalipi. Ombi unajaza mtandaoni au kwa simu.

Niliomba Machi 2022. Agosti nikakataliwa. Na sababu? Kumbukumbu za kliniki zilisema mgonjwa anaendelea vizuri. Nani alisema hivyo? Mimi! Daktari akiuliza habari, najibu nzuri, namshukuru Mungu, kama nilivyolelewa. Mmarekani wa dukani akikuuliza habari yako haitaki, anapita tu. Wa kliniki anaiandika. Sema unavyoshindwa kuvaa viatu. Adabu uiache mlangoni.

Sasa shika hili. Barua ya kukataa inakupa siku 60 tangu uipokee, na wao wanahesabu kwamba umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Wengi hukataliwa mara ya kwanza, wala si mwisho: unaomba uamuzi uangaliwe upya, ukikataliwa tena unakwenda kwa jaji. Usianze ombi jipya! Rufaa inalinda tarehe ya ombi lako la kwanza. Malimbikizo yanarudi nyuma miezi 12 tu kabla ya ombi, kwa hiyo ombi jipya linasogeza kila kitu mbele.

Na kuna baya zaidi. Bima yenyewe inaisha. Ukiacha kazi, kwa wengi inakufa kama miaka 5 baadaye. Yangu iliisha 31 Desemba 2022. Ombi langu la pili nililijaza Februari 2023, kwa raha zangu, nikijua naanza ukurasa safi. Kumbe ikabidi nithibitishe kwamba nililemaa kabla ya tarehe ile, nikafukue vyeti vya zamani kliniki moja hadi nyingine. Nilishinda kwa jaji 2024. Wakili anachukua robo ya malimbikizo, kwa kikomo kilichokuwa dola 9,200 mwishoni mwa 2024, na ukishindwa hapati ada. Mchukue mapema. Narudia: siku 60, rufaa, si fomu mpya.

Ndugu zangu mlio nyumbani, nawapenda, lakini acheni kusema serikali inanilipa nikiwa nimelala. Miezi 5 ya kwanza ya ulemavu hailipwi, na Medicare, bima ya afya ya serikali, inakuja baada ya miezi 24 ya kustahili malipo. Na wewe mdogo wangu uliyenishauri "nenda ukaongee na mkubwa": huku mkubwa ni tarehe. Yule wa kwenye simu ataniita mpenzi, atacheka nami, kisha atafuata karatasi.

Kwa nini sikukata rufaa? Septemba 2022 mama alifariki, nikaenda kuzika, nikarudi Januari. Baadaye wakili akanionyesha kwamba aliyechelewa anaweza kuomba apokelewe kwa sababu ya msingi, na msiba wa ndugu wa karibu umetajwa humo kwenye kanuni. Cheti cha kifo cha mama nilikuwa nacho kwenye mkoba siku nilipojaza ombi la pili.