Kabla ya kumpa mtu kazi ya kuchora mistari, nenda na tochi usiku

Tumetoka kuchoresha maegesho na zebra kwenye yadi yetu hapa Igoma, na hili nimelijua nikiwa nimeshachelewa. Mwambie mkandarasi akutajie sehemu aliyochora ambayo imeshapigwa na masika angalau moja, kisha nenda mwenyewe usiku, bila yeye. Simama kama hatua kumi kutoka kwenye mstari, shika tochi ubavuni mwa jicho (si kiunoni), umulike. Mstari mzuri unawaka kama macho ya paka. Mbovu unabaki umefifia tu. Siri ni punje ndogo za kioo zinazomwagwa juu ya rangi ikiwa bado mbichi. Zinarudisha mwanga kule ulikotoka, ndiyo maana tochi ikae karibu na jicho. Aliyebania punje, au aliyezimwaga rangi imeshaanza kukauka, mchana humkamati, kwa sababu kila rangi mpya ni nyeupe. Usajili wa Bodi ya Makandarasi uulize pia, ila cheti hakimuliki usiku.

Mvua ikiwa imetoka kunyesha usijisumbue: maji yakifunika punje, hata kazi safi haiwaki. Vumbi nalo linadanganya, na Mwanza tunalijua, kwa hiyo beba kitambaa ufute kwanza. Halafu usipime pembeni ambako gari hazipiti. Pima getini, pale magurudumu yanapokata kona. Hapo pakiwa bado panang'aa, ndipo muanze kuongea bei.