Kujitafakari na Kuheshimu Tofauti Kazini: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Tanga

Anza na nafsi yako. Andika mambo yanayokutambulisha, yaani lugha ya nyumbani, dini, umri, jinsia, elimu na mahali ulipokulia, kisha weka alama penye yale ambayo hukuwahi kulazimika kuyaeleza kazini, kwa kuwa hapo ndipo mtu husahau kwamba mwenzake hulazimika kuyaeleza kila mara.

Mjini Tanga, ambako Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju hufanya kazi pamoja na watu waliovutwa na bandari na mashamba ya mkonge, utani wa makabila ni jambo la kawaida. Utani huo una heshima yake, nami nisingependa upotee, lakini hufanywa baina ya watani wanaokubaliana, wala haumhusu mgeni aliyeripoti kazini jana. Mwulize faraghani kama maneno yako yanamkera, na akikiri kwamba yanamkera, acha bila kumdai sababu.

Usipange vikao Ijumaa adhuhuri, wala usiwabakize waliofunga Ramadhani hadi saa ya kufuturu; wanaosali Jumamosi au Jumapili nao waulizwe kabla ya ratiba ya zamu kubandikwa.

Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na umri, miongoni mwa mengine. Anayebaguliwa aandike tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo, kisha awasilishe malalamiko kwa mwajiri kwa maandishi na kubaki na nakala.