Kupima usumaku wa chuma kwa pete, hatua kwa hatua

Nilipoanza kazi ya maabara hapa Tanga nilipima vipande viwili, kila kimoja urefu milimita 50 na unene milimita 10. Kimoja nondo ya ujenzi, kingine chuma laini cha kiini cha rilei, ile swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Majibu yakalingana karibu kabisa, nikadhani mita imekufa. Mita ilikuwa nzima. Kipande kifupi kilichonyooka kina ncha mbili, na ncha hizo huzaa uga wa sumaku wa kuupinga ule unaoutia wewe, hata unachosoma kikawa ni umbo la kipande, si chuma chenyewe. Pete haina ncha.

Hatua ya 1: pete
Mpe fundi wa kuchonga vyuma vipimo hivi: kipenyo cha nje milimita 60, cha ndani 50, kimo 8. Ukuta ni mwembamba kwa makusudi, maana uga huwa mkali zaidi upande wa tundu kuliko upande wa nje. Achonge polepole, joto na mkandamizo wa kisu hubadilisha usumaku wa ngozi ya chuma. Paka mafuta siku hiyohiyo, hewa ya chumvi ya Raskazone, ufukweni hapa Tanga, haingoji kesho.

Hatua ya 2: nyaya
Waya wa shaba wenye vanishi utaupata kwa mafundi wanaosuka mota, Ngamiani wapo. Futa mafuta, zungushia pete utepe wa pamba, kisha suka koili ya kupokea: mizunguko 100 ya waya mwembamba, iliyoenea pete nzima. Juu yake suka koili ya kusukuma, ile utakayoipitishia mkondo: mizunguko 300 ya waya wa milimita 0.8. Hesabu kwa sauti. Anayekusalimia utamjibu ukimaliza.

Hatua ya 3: intigreta
Hii ni saketi inayokusanya volti za koili ya kupokea, na jumla yake ndiyo namba unayosoma. Opampu moja (chipu ya kukuza volti), rezista ya kiloomu 10, kapasita ya plastiki ya mikrofaradi 1. Kapasita ya elektroliti usiiguse, inavuja. Wakati wa masika hata bodi yenyewe huvuja kwa unyevu, kwa hiyo ifute kwa spiriti na uikaushe. Bado namba itahama yenyewe: ipime inahama kiasi gani kwa sekunde, ukakitoe kiasi hicho kwenye kila usomaji.

Hatua ya 4: kuondoa usumaku wa zamani
Wengi huiruka hii, na ndiyo inayoharibu kazi. Usumaku si mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo, ukishaingia, unakaa. Wapo wanaochomeka koili kwenye transfoma ya umeme wa ukutani na kushusha volti taratibu. Kwa bati jembamba la transfoma inafaa. Kwa pete ya chuma kizima, uga wa umeme huo wa hezi 50 huingia kama milimita moja tu, katikati pakabaki vilevile. Mimi hutumia pawa saplai ya betri na swichi ya kugeuza mkondo: naanza na ampea 2, nageuza kila baada ya sekunde moja, huku nashusha mkondo kidogo kidogo hadi sifuri. Mara 40 au 50. Mkono unachoka, ndiyo.

Hatua ya 5: kusoma
Anza na mkondo mdogo, mfano ampea 0.05. Geuza swichi mara kumi bila kuandika chochote, chuma kizoee. Sifurisha intigreta, geuza mara moja, ngoja namba itulie, andika. Panda mkondo unaofuata. Usirudi nyuma, ukizidisha kwa bahati mbaya, rudia hatua ya 4 yote.

Hesabu
Duara la kati la pete yetu lina urefu wa mita 0.173. Kwa ampea 1, uga ni 300 × 1 ÷ 0.173, yaani kama ampea 1,735 kwa mita. Eneo la mkato ni milimita 5 × 8, sawa na mita za mraba 0.00004. Ikiwa intigreta imeruka volti 1.2, zidisha kwa 0.01 (rezista mara kapasita), kisha gawa kwa 2 × 100 × 0.00004. Jibu ni tesla 1.5, ndio ukali wa usumaku ndani ya chuma. Ile 2 ipo kwa sababu kugeuza mkondo kunaitoa flaksi (usumaku wote unaopita kwenye mkato) upande mmoja na kuipeleka wa pili. Niliwahi kuisahau, nikamwandikia mteja tesla 3, wakati chuma safi hushiba kwenye 2.15 hivi.

Mwisho, geuza swichi kwa upande wa pili na usome tena. Namba mbili zikipishana zaidi ya asilimia 2 baada ya kutoa mhamo, usumaku wa zamani bado umo ndani.