Nyama ya ng'ombe ya Kithai kwenye sigiri, na mujaaja wa nyuma ya nyumba

Wapendwa wanakikundi, tangu niweke picha ya chakula changu cha Ijumaa mmeniomba somo, basi hili hapa. Wathai hukiita phat kaphrao nuea. Phat ni kukaanga haraka haraka, nuea ni nyama ya ng'ombe, na kaphrao ni jani la jamii ya rehani ambalo ndilo roho ya sahani nzima. Kule Bangkok hupikwa vibandani kando ya barabara kwa dakika chache, mteja akisubiri palepale kama sisi huku Uganda tunavyosubiri rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Wengi huko hutumia nguruwe au kuku. Ya ng'ombe ndiyo inayotufaa sisi tuliokulia nyumba za Kiislamu.

Kabla ya kushika kisu, elewa kwamba hiki si mchuzi. Tumezoea kuchemsha nyama kwanza, halafu kuikaangia vitunguu na nyanya, sufuria imefunikwa hata saa mbili. Hapa hakuna maji ya kuchemshia wala mfuniko, na nyama hukaa motoni dakika mbili tatu tu. Ulaini hauletwi na muda, unaletwa na kisu na maandalizi.

Nyama

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibu. Ng'ombe wetu wengi wametembea sana malishoni, na nyama tunayonunua asubuhi mara nyingi imechinjwa usiku uleule. Misuli ya mnyama aliyechinjwa karibuni hukaza, na huhitaji siku moja au zaidi kulegea. Kwa hiyo mimi hununua Jumatano, naifunga bila kuiosha, naiweka kwenye friji, naipika Ijumaa. Tofauti utaihisi kwenye meno. Mwombe mwenye bucha fileti au mnofu wa mgongo. Mnofu wa paja pia unafaa, na bei yake ni nafuu. Nyama ya shingo na ya kifua iache kwa supu.

Chukua nusu kilo, inatosha watu wanne. Iweke kwenye friza kama dakika 40 ishikane kidogo, ili isiteleze chini ya kisu. Tazama nyuzi zake zinaelekea wapi, kisha uzikatishe, usizifuate. Vipande viwe vyembamba, unene wa milimita tatu hivi. Ukifuata nyuzi, mlaji atatafuna kamba. Ukizikatisha, kisu kimeshamtafunia nusu.

Koroga nusu kijiko cha chai cha beking soda katika vijiko viwili vya maji, uipake nyama yote, uiache dakika 15. Ni beking soda, siyo beking pauda. Soda hupunguza asidi juu ya nyama, na protini zake zikiingia motoni hazikazani sana. Baada ya dakika hizo isuuze vizuri, uikamue, uifute kwa kitambaa safi mpaka ikauke. Usiruke kusuuza, utasikia ladha ya sabuni. Sasa changanya na kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya soya, kijiko cha chai cha wanga wa muhogo au konflawa, na mafuta kidogo. Unga wa posho hauwezi kazi hii.

Vingine vya kuandaa

Twanga kwenye kinu chembe sita za kitunguu saumu pamoja na kamulali, pilipili ndogo kali, nne mpaka nane, kadiri ya ujasiri wa nyumba yako. Twanga, usikate: mafuta na harufu hutoka kwenye kupondeka. Hizi pilipili Wareno ndio waliozisambaza kutoka Amerika katika karne ya 16, kwa Wathai na kwetu pia, kwa hiyo asiwepo wa kusema ni chakula cha mbali sana.

Mboga: kiganja cha maharagwe machanga ya maganda yaliyokatwa vipande vya nusu kidole, pilipili hoho moja, karoti moja nyembamba, kitunguu maji kimoja. Mthai mwenye msimamo atakwambia mboga pekee inayovumilika hapa ni maharagwe yale marefu. Mimi nina watoto wanaohitaji mboga, naweka.

Sosi: kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya samaki, kimoja na nusu cha sosi ya chaza, kijiko cha chai cha sukari, na vijiko viwili vya maji. Vyote kwenye kikombe kimoja, tayari. Moto ukiwaka hutakuwa na nafasi ya kufungua chupa.

Majani sasa. Kaphrao halisi sijaiona katika soko letu. Watu hukimbilia rehani tamu ya bustanini, nayo si mbaya, tia kikombe kizima. Lakini jaribuni mujaaja, huu tunaotia kwenye chai, ambao ndugu zetu wa pwani huuita kivumbasi. Ni wa jamii moja na kaphrao, na una ule ukali wa karafuu ambao rehani tamu haina. Jani lake lina nguvu na ni gumu kidogo, basi chuma ncha changa tu, nusu kikombe. Siku nilipoujaribu mara ya kwanza, harufu iliyopanda kutoka kwenye karai ilinifanya nisimame. Mmea tuliouzoea kwenye birika la bibi, ulikuwa unasubiri kazi nyingine.

Motoni

Makaa ni mazuri kuliko mnavyodhani. Yaache yashike yote mpaka yawe mekundu, fungua mlango wa sigiri, pepea. Fanya kazi hii nje au barazani, si ndani ya chumba kilichofungwa: gesi ya makaa inaua hata usipoona moshi, na mvuke wa pilipili utawakohoza wote. Tumia karai la chuma. Kikaango kisichoshika chakula hakikuumbwa kwa joto hili.

1. Pasha karai tupu mpaka lifuke moshi kidogo. Tia vijiko viwili vya mafuta.

2. Tandaza nusu ya nyama, siyo yote. Usiiguse kwa sekunde 30, ipate rangi ya kahawia, kisha geuza na ukoroge nusu dakika nyingine. Itoe. Rudia na nusu iliyobaki.

3. Ongeza mafuta, tia maharagwe na karoti dakika mbili, halafu kitunguu na hoho dakika moja. Zibaki na ukakamavu. Sukuma pembeni.

4. Tia saumu na kamulali katikati. Sekunde 15 zinatosha, saumu ikiungua hutia uchungu.

5. Rudisha nyama na maji yake, mimina sosi, koroga mpaka ing'ae na kushika nyama.

6. Epua, ndipo utie majani. Geuza mara mbili tatu, yanyauke kwa joto lililobaki.

Pakua juu ya wali mweupe usiotiwa chumvi, kwa sababu sosi ina chumvi ya kutosha. Juu yake weka yai la kukaanga katika mafuta mengi, kingo kavu, kiini bado laini.

Maswali yenu

*Dada, nimejaribu jana. Nyama ilitoa maji ikaanza kuchemka, ikawa ya kijivu. Nimekosea wapi?* (Jinja)

Pole mpenzi. Mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu: nyama haikufutwa, karai halikuwa moto, au ulitia yote kwa mpigo. Nyama baridi nyingi hushusha joto la karai, maji yanatoka kabla hayajaweza kukauka. Igawe mara tatu ukilazimika.

*Huku Arua sosi ya samaki sijaiona dukani. Niache?*

Usiache kabla hujajaribu mukene, yaani dagaa. Sosi ile ni samaki wadogo na chumvi, waliochachuka pamoja miezi mingi. Kaanga kiganja cha mukene mkavu bila mafuta mpaka anukie, mchemshe dakika kumi katika kikombe kimoja cha maji na kijiko cha chai cha chumvi, chuja, rudisha motoni maji yabaki robo kikombe. Haitakuwa na ule mchachuko, ila utamu wa samaki utaupata. Onja kabla ya kuongeza chumvi popote.

*Mume wangu akila chaza anavimba mdomo.*

Basi chupa hiyo isiingie nyumbani kwako kabisa, nyabo, na muulize pia kama samaki hawamdhuru. Tumia sosi ya soya vijiko viwili, sukari kijiko kimoja cha chai, na maji mazito ya uyoga uliochemshwa.

*Naogopa nyama ya dakika mbili. Si italeta minyoo?*

Hofu yako ina msingi, tegu wa ng'ombe wapo. Lakini kipande cha milimita tatu kwenye karai linalofuka hupata joto mpaka katikati. Kata kimoja kinene ukitazame: kusiwe na wekundu. Ukiuona, ongeza nusu dakika. Anayekata vipande vinene hawezi kufuata dakika zangu.

*Naweza kutia nakati au dodo?*

Dodo, yaani mchicha, inatoa maji mengi, itakurudisha kwenye mchuzi. Nakati, ile mboga ya majani machungu, nimeijaribu, uchungu wake unapendeza na sukari ya sosi. Ikate, itie pamoja na hoho.

*Mama, nina wageni 12 wa futari. Nizidishe vipimo mara tatu?*

Zidisha maandalizi, usizidishe karai. Andaa kila kitu kabla ya Alasiri, gawa katika bakuli tatu, zikae kwenye friji. Wali upikwe mapema ubaki na moto. Wakishafungua kwa tende na kwenda kuswali, wewe au msaidizi wako mpike duru tatu mfululizo, kila moja kama dakika saba. Majani mtie kila duru kivyake.